Kuta za Arantzazu na Picha Zilizokatazwa

Picha ya ukutani iliyofutwa kwa amri haipaswi kurejeshwa kwa namna ileile inayorejeshwa picha iliyoharibiwa na unyevu. Unyevu hauna nia, na anayeuondoa ukutani anaondoa uharibifu mtupu. Lakini anayekwangua chokaa iliyopakwa juu ya uso wa Kristo kwa sababu mwenye mamlaka hakuridhika na uso huo, anaondoa pia ushahidi wa jambo ambalo watu waliwatendea watu. Nchi kadhaa za Ulaya zinakabiliwa na kazi ya namna hii, kwa kuwa katika karne ya 20 makanisa yake yalipambwa na wasanii wa mikondo ya kisasa ambao kazi zao baadaye zilifutwa, zilifungiwa au ziliachwa zichakae chini ya tawala za kidikteta, za mrengo wa kulia na za mrengo wa kushoto. Ninachokitetea hapa ni kwamba kurejesha picha hizo ni kazi nusu ikiwa hakukurejesha pia habari ya marufuku yenyewe: nani aliitoa, kwa hoja gani, na kwa nini hapakuwa na aliyeweza kumjibu.

Mfano unaonifundisha zaidi ni wa basilika ya Arantzazu, iliyoko milimani katika eneo la Oñati, mkoani Gipuzkoa, kwenye Nchi ya Wabaski kaskazini mwa Uhispania. Ni mahali pa hija ya Bikira Maria panapotunzwa na watawa Wafransisko, na historia yake ni ya moto na ujenzi mpya: paliungua mwaka 1553, pakaungua tena mwaka 1622, na mwaka 1834 pakachomwa na wanajeshi wakati wa vita vya kugombea kiti cha ufalme. Mwaka 1950, watawa walipoanza kujenga basilika mpya, Gipuzkoa ilikuwa bado mkoa ulioadhibiwa. Mwezi Juni 1937 serikali ya Jenerali Franco, dikteta wa Uhispania, ilikuwa imeifutia Gipuzkoa na jirani yake Bizkaia haki zao za kale za kodi kwa madai kwamba mikoa hiyo ilikuwa imeisaliti nchi, na Kibaski kilikuwa kimesukumwa nje ya shule na ofisi. Kujenga kanisa kubwa la Wabaski katika hali hiyo kulikuwa na uzito kuliko ujenzi wa kawaida wa nyumba ya ibada, hata kama hakuna aliyelitamka hilo kwa sauti.

Watawa wangeweza kuchagua njia salama. Mtindo uliopendwa na utawala ulikuwa wa kurudi kwenye fahari ya karne ya 16, wa minara na kuta za mawe zilizomkumbusha kila mtu Mfalme Felipe wa Pili na dola lake. Wao waliwachagua wasanifu majengo wawili waliokuwa na umri wa miaka thelathini na kidogo, Francisco Javier Sáenz de Oiza na Luis Laorga, ambao walibuni jengo ambalo minara yake imefunikwa kwa mawe yaliyochongwa kwa ncha kali kama miiba, kwa kuwa mapokeo husema Bikira Maria alionekana hapo juu ya mti wa miiba. Wakakusanywa wasanii: Jorge Oteiza kwa sanamu za mitume za mbele ya kanisa, Eduardo Chillida kwa milango ya chuma, mtawa Mfransisko Javier de Eulate kwa vioo vya rangi, Carlos Pascual de Lara kwa ukuta mkubwa wa nyuma ya altare, na Néstor Basterretxea kwa kripta, yaani kanisa la chini. Ukiyasoma majina hayo leo unaona karibu kitovu kizima cha sanaa ya Wabaski ya karne ya 20, na unaona pia kwamba watawa waliowaita hawakuwa wakibahatisha. Mkuu wa shirika lao katika kanda hiyo, Pablo Lete, alikuwa nguzo ya mradi huo, na kifo chake mwaka 1952 kiliuacha bila mtetezi wake mkuu wakati ambapo mtetezi ndiye aliyekuwa anahitajika zaidi.

Basterretxea ndiye ninayetaka kubaki naye. Alizaliwa Bermeo, mji wa wavuvi huko Bizkaia, mwaka 1924. Baba yake alikuwa mwanasiasa wa chama cha kitaifa cha Wabaski, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uhispania vilipowafikia, familia ikakimbilia Ufaransa, kisha Argentina. Huko ng'ambo alikulia katika uchoraji, na huko pia alikutana na Oteiza. Aliporudi mwaka 1952 akiwa kijana aliyeshinda zabuni ya kuchora kripta ya Arantzazu, alikuwa mtoto wa wakimbizi wa kisiasa aliyepewa kuta za kanisa katika nchi iliyomfukuza baba yake. Sidhani kama mtu anaweza kuielewa hasira iliyomo katika kazi zake za baadaye bila kulishika jambo hilo kwanza.

Kazi haikudumu. Askofu wa San Sebastián, Jaime Font y Andreu, aliisimamisha, na suala likapelekwa Roma. Mwaka 1955 tume ya Vatikano ya sanaa takatifu ilitoa uamuzi wa kukataa miradi ya Arantzazu: haikutilia shaka nia njema ya wasanii, lakini iliwaona kuwa wamechukuliwa na mikondo ya usasa isiyojali baadhi ya maagizo ya Kanisa kuhusu sanaa takatifu. Mawe ya mitume wa Oteiza yaliachwa kando ya barabara, na yakakaa hapo zaidi ya miaka kumi. Mradi wa de Lara ulikwama. Picha ambazo Basterretxea alikwisha kuzianza katika kripta zilifutwa. Mwaka huohuo wa 1955 basilika ilifunguliwa, na waumini wakaingia katika jengo la kisasa ambalo kuta zake zilikuwa zimenyamazishwa.

Hapa ndipo simulizi nyepesi inapotaka kutuvuta: dikteta aliogopa sanaa, kwa hiyo dikteta akaifuta. Ushahidi hauruhusu urahisi huo. Hakuna askari aliyepanda Arantzazu na ndoo ya rangi. Amri ilitoka kwa askofu, hukumu ikatoka Roma, na hoja zilizotumika zilikuwa za kidini. Miaka mitatu kabla ya hukumu hiyo, tarehe 30 Juni 1952, Ofisi Takatifu, idara ya Vatikano ya kulinda mafundisho ya imani, ilikuwa imetoa maelekezo kwa maaskofu wa dunia nzima ikiwataka wawe macho dhidi ya sanaa iliyoonekana kupotosha sura takatifu. Askofu aliyeisimamisha kazi ya Arantzazu angeweza kusema, bila kudanganya, kwamba alikuwa anatii.

Kwa nini basi tuendelee kuiita kazi iliyozimwa chini ya udikteta? Ulinganisho na Ufaransa unasaidia. Katika kanisa la Plateau d'Assy, kwenye milima ya Alps, msalaba uliochongwa na Germaine Richier uliondolewa altareni mwaka 1951 kwa amri ya askofu, kwa madai yanayofanana sana na yale ya Arantzazu: mwili wa Kristo ulioonekana kama gome la mti uliokauka uliwaudhi watu. Tofauti ni kile kilichofuata. Huko Ufaransa mapadre waliuandikia umma, wahakiki wakajibu, majarida yakajaa hoja za pande zote, na msalaba ule ulirudishwa baadaye katika nchi ambayo kila mtu aliijua habari yake. Huko Uhispania sheria ya magazeti ya mwaka 1938 iliyaweka magazeti chini ya udhibiti wa serikali, na iliendelea kutumika hadi mwaka 1966. Kuchukia picha mpya si uvumbuzi wa madikteta; hata mkulima mcha Mungu katika nchi huru anaweza kuichukia. Udikteta unachoongeza ni kumnyima msanii haki ya kujibu, na kulinyima kanisa lenyewe nafasi ya kubadilisha mawazo yake kwa njia ya mjadala wa wazi.

Kuna pia suala la askofu alivyopatikana. Kwa makubaliano ya mwaka 1941, yaliyothibitishwa na mkataba kati ya Uhispania na Vatikano mwezi Agosti 1953, Franco alikuwa na haki ya kushiriki katika kuteua majina ya maaskofu. Jimbo la San Sebastián lenyewe lilikuwa jipya, limezaliwa pale jimbo la Vitoria lililoijumuisha Nchi yote ya Wabaski lilipogawanywa. Askofu aliyepatikana kwa utaratibu huo hakuhitaji kupigiwa simu na waziri ili ajue ni jengo la aina gani lingezua maswali. Mamlaka mbili zilipumua kwa pafu moja, na ndiyo maana kutafuta barua yenye sahihi ya Franco ya kufuta picha za kripta ni kutafuta kitu ambacho mfumo wenyewe uliundwa ili kisihitajike.

Jambo linalonishangaza zaidi, na ambalo naona wachambuzi hulipita haraka mno, ni kwamba utawala huohuo haukuwa adui wa sanaa ya kisasa kila mahali. Mwaka 1951 Franco mwenyewe alizindua mjini Madrid maonyesho makubwa ya sanaa ya Uhispania na Amerika ya Kilatini ambamo wasanii wa kisasa walipewa nafasi. Mwaka 1954, wakati Arantzazu inaingia matatani, Tuzo ya Taifa ya Usanifu Majengo ilikwenda kwa mradi wa kanisa dogo la njia ya hija ya Santiago, na wabunifu wake walikuwa Sáenz de Oiza, Romaní na Oteiza. Tena mwaka 1957 Oteiza akashinda tuzo kuu ya uchongaji huko São Paulo, na mwaka 1958 Chillida akashinda huko Venice, na ushindi huo ukaipendezesha sura ya Uhispania mbele ya mataifa. Mawe ya Oteiza yalikuwa yamelala kando ya barabara ya mlimani wakati jina lake likishangiliwa Brazil. Usasa ulikubalika ulipokuwa bidhaa ya kuonyesha nje au mchoro wa karatasini. Ulipogeuka kuwa ukuta ambao Mbaski wa kawaida angesimama mbele yake kila Jumapili akisali, ukawa hatari. Kwangu mimi tofauti hiyo inaeleza asili ya marufuku kuliko maelezo yoyote ya kitheolojia.

Mlango ulifunguka polepole. Mwaka 1962 ukuta wa nyuma ya altare ulipata kazi mpya ya Lucio Muñoz, mandhari ya mbao zilizochongwa, kuchomwa na kupakwa rangi, yenye zaidi ya mita za mraba 600, ambayo naihesabu miongoni mwa kazi kubwa za kidini za Ulaya za karne hiyo. Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka katika hati yake ya liturujia kwamba Kanisa halijaufanya mtindo wowote wa sanaa kuwa mali yake ya pekee, na kwamba sanaa ya wakati wetu, ya mataifa na maeneo yote, ipewe uhuru wake. Ni aya hiyohiyo iliyowapa nguvu wasanii Wakristo wa Afrika walioacha kunakili watakatifu wa Kizungu. Tarehe 7 Mei 1964 Papa Paulo wa Sita aliwaita wasanii katika kanisa la Sistina na kukiri mbele yao kwamba Kanisa wakati fulani liliwavika joho zito la madini ya risasi, akawaomba msamaha. Oteiza akarudi kwenye mawe yake mwaka 1968, na mwaka 1969 mitume kumi na wanne wakapandishwa mbele ya basilika, matumbo yao yakiwa wazi kama watu waliojitoa wote bila kubakiza kitu ndani. Katika mwaka huohuo wa 1968 wataalamu wa Kibaski walikutana Arantzazu kuweka misingi ya Kibaski sanifu. Picha na lugha zilikuwa zimenyimwa pumzi pamoja, na zilianza kuipata tena mahali pamoja.

Kripta ilisubiri zaidi. Franco alifariki mwaka 1975, na ni katika miaka ya 1980 tu ambapo Wafransisko walimwita tena Basterretxea azichore kuta zilezile. Hakuwa tena kijana wa miaka ishirini na minane. Alikuwa amepita kwenye uchongaji, filamu na usanifu wa samani, alikuwa amezipa umbo hadithi za kale za Wabaski kwa mbao, na mwaka 1983 mti wake wa mwaloni ulikuwa umesimamishwa katika ukumbi wa Bunge la Wabaski. Alichokichora kripta hakikuwa nakala ya kilichofutwa. Alianza mbali, kwenye nguvu za asili na ibada za kale za wanadamu, akapita katika mateso, akafika kwa Kristo mfufuka mkubwa mwenye rangi nyekundu, ambaye macho yake hayambembelezi mtazamaji. Ni Kristo aliyefufuka akiwa bado anakumbuka alichotendwa.

Je, huko ni kurejesha? Kwa kipimo cha kitaalamu, hapana. Hati ya Venice, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kihistoria, iliyopitishwa mwishoni mwa Mei 1964, wiki chache tu baada ya Papa kuwaomba wasanii msamaha, inasema kwamba urejeshaji hukoma pale ambapo kukisia kunaanza, kwamba sehemu zinazoongezwa lazima zitofautike na za asili, na kwamba michango halali ya vipindi vyote katika jengo iheshimiwe. Kwa hati hiyo, picha za miaka ya 1980 ni kazi mpya kabisa. Kwa kipimo cha haki ni suala jingine: kuta zilirudi kwa mikono iliyonyang'anywa. Nafikiri watawa walifanya jambo sahihi, na lilikuwa sahihi kwa sababu mchoraji alikuwa hai. Lau angekuwa amekwisha kufariki, kumwajiri mtu mwingine achore kwa kufuata picha za zamani kungetoa kripta nzuri na ya uongo.

Hata hivyo, uzuri wa kazi ya pili una hatari yake. Mgeni anayeshuka kwenye kripta na kumwona Kristo yule mwekundu anaweza kuondoka akiamini kwamba huu ndio mradi wa miaka ya 1950 uliokamilika kwa kuchelewa. Picha mpya inaweza kuifunika ile ya kwanza kwa ukamilifu kuliko rangi ya mfutaji, kwa sababu mfutaji aliacha ukuta mtupu ulioleta maswali, na picha mpya inajibu maswali hayo kabla hayajaulizwa. Ndiyo maana nasema kwamba habari ya kufutwa ni sehemu ya kripta kama zilivyo rangi zake, na inastahili kuelezwa papo hapo, kwa majina ya waliotoa amri na tarehe zake.

Mahali pengine ambapo picha haikukwanguliwa bali ilipakwa chokaa tu, uchaguzi unakuwa wa kiufundi zaidi, lakini maswali ni yaleyale. Fresko halisi, iliyochorwa lipu ingali mbichi, mara nyingi hustahimili chokaa vizuri, kwa sababu rangi imekamatwa na chokaa ya lipu inapokauka na kugeuka kuwa sehemu ya ukuta. Wachoraji wengi wa kisasa hawakufanya kazi hivyo. Walichora kwenye lipu kavu kwa rangi za kazeini (protini ya maziwa), za yai, za mafuta, hata kwa rangi za viwandani, na rangi za namna hiyo huwa na mshiko hafifu. Ukiivuta chokaa, inakuja na uso wa mtakatifu. Mtaalamu huanza kwa kuumulika ukuta kwa taa iliyolazwa pembeni ili mikwaruzo na matabaka yajitokeze, hupiga picha za mionzi isiyoonekana kwa macho, huchukua vipande vidogo vya kuchunguza matabaka kwa hadubini, kisha hufungua madirisha madogo ya majaribio kwa kisu chembamba kabla ya kuthubutu kugusa eneo kubwa. Ni kazi ya miezi kwa eneo ambalo mfutaji alilimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Wataalamu wa fani hii wana desturi moja ambayo naiona kuwa na hekima kubwa: huacha mraba mdogo wa ukuta bila kusafishwa, ili anayekuja baadaye aone hali waliyoikuta. Kwa kawaida mraba huo huwa wa masizi ya mishumaa au uchafu wa karne. Pale ambapo kilichoifunika picha ni chokaa ya marufuku, ningetaka mraba huo uachwe kwa makusudi, mahali unapoonekana, wenye ukubwa wa kutosha kumfanya muumini aulize. Najua pingamizi: kanisa ni nyumba ya sala, na waumini wana haki ya kusali mbele ya picha kamili bila kuzuiwa na doa linalowarudisha kwenye siasa. Pingamizi hilo lina uzito, na silipuuzi. Lakini Wakristo wanaosali mbele ya Kristo mfufuka mwenye alama za misumari viganjani hawawezi kuambiwa kwamba alama ya jeraha inaharibu ibada.

Lviv, magharibi mwa Ukraine, inaonyesha sura nyingine. Kanisa Kuu la Waarmenia la mji huo, ambalo chimbuko lake ni la karne ya 14, lilipambwa upya mwanzoni mwa karne ya 20 kwa juhudi za Askofu Mkuu Józef Teodorowicz. Józef Mehoffer alibuni mozaiki ya kuba, na kati ya mwaka 1925 na 1929 Jan Henryk Rosen, mchoraji kijana aliyekuwa bado hajulikani, alizifunika kuta kwa watakatifu wa mistari mikali na dhahabu, wengine wakiwa na sura za watu wa Lviv wa siku zake. Katika mazishi ya Mtakatifu Odilo, watawa wanaobeba maiti wanasindikizwa na roho za marehemu zinazopenyeka kwa nuru, na kila ninapoitazama nakala ya picha hiyo huona kwamba mchoraji alijua zaidi kuhusu ujirani wa kifo na maisha kuliko umri wake ulivyoruhusu. Alikuwa amepigana vita.

Utawala wa Kisovieti haukuzifuta picha hizo. Uliwaondoa watu. Padre Dionizy Kajetanowicz, aliyeliongoza kanisa hilo, alikamatwa mwaka 1945 na kufariki katika kambi ya kazi mwaka 1954. Waumini wake, Waarmenia Wakatoliki waliozungumza Kipolandi, walihamishiwa Poland pamoja na Wapolandi wengine wa mji. Na jengo likageuzwa ghala la sanaa za kidini. Milango iliyofungwa ikazihifadhi picha kwa miongo kadhaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kanisa lilirudi kwenye ibada, safari hii mikononi mwa Kanisa la Kitume la Armenia, na wataalamu wa Poland na Ukraine wakafanya kazi bega kwa bega kuzisafisha na kuziimarisha kazi za Rosen. Rangi zimerudi karibu zilivyokuwa. Jumuiya iliyozilipia haikurudi, na hakuna kisu cha mrejeshaji kinachoweza kuifikia. Ripoti ya urejeshaji inayoorodhesha chumvi na nyufa za lipu bila kuwataja watu hao inaeleza uharibifu mdogo na kuuacha mkubwa. Machi 2022, vita vilipoukaribia mji, sanamu ya Kristo msulubiwa ilitolewa ndani ya kanisa hilo na kupelekwa mafichoni, jambo lililodhihirisha kwamba hata kazi iliyokwisha kurejeshwa haina hati ya kudumu milele.

Huko Tbilisi, Lado Gudiashvili, mchoraji aliyeishi Paris katika miaka ya 1920 na kurudi nyumbani Georgia, alichora katika kanisa la Kashveti mwaka 1946. Kwa kosa hilo alifukuzwa katika Chama cha Kikomunisti na kupoteza nafasi yake katika chuo cha sanaa. Picha zake zikabaki ukutani. Katika mfano huu hakuna chokaa ya kukwangua wala mraba wa kuacha, kwa sababu adhabu iliandikwa katika maisha ya msanii na haikugusa lipu. Anayezihifadhi picha za Kashveti leo atakuwa amefanya kazi safi ya kitaalamu hata kama hatalitaja jambo hilo. Ila atakuwa amemkabidhi msomaji picha ambayo bei yake imebanduliwa.

Narudi kwa mtu ambaye habari za Arantzazu humsahau mara nyingi, Carlos Pascual de Lara. Alifariki mwaka 1958, akiwa bado kijana, kabla ya mtaguso, kabla ya Papa kuomba msamaha, na bila kuuchora ukuta alioushinda kwa haki. Oteiza aliyapata mawe yake na Basterretxea alizipata kuta zake; de Lara hakupata chochote. Hakuna anayeweza kudai kwamba mbao za Lucio Muñoz ziondolewe ili mradi wake utekelezwe, kwa kuwa mbao hizo ni mchango halali na mkubwa, na kuchora leo kwa kufuata michoro ya maandalizi ya marehemu kungekuwa kukisia. Linalowezekana ni dogo na halihitaji fedha nyingi: michoro hiyo ionyeshwe Arantzazu kwenyewe, hatua chache kutoka altareni, pamoja na uamuzi wa mwaka 1955 uliochapishwa wote, neno kwa neno, na barua zilizoutangulia kati ya jimbo, watawa na Roma, kadiri zilivyohifadhiwa katika nyaraka za kila upande.